Mtoto Hadaiwi Furaha

Nazungumza nawe unayenisikiliza jikoni, mkono mmoja una mwiko na wa pili una mtoto. Mazungumzo ya leo ni yako hasa.

Naanza na usiku mmoja wa mwezi wa Julai, kule Florida, Marekani. Tulikuwa tumesimama mbele ya kasri la Magic Kingdom, ile bustani ya burudani iliyomo ndani ya Walt Disney World. Tulikuwa mimi, mume wangu, mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, na wanangu wawili: wa kiume ana miaka mitano, wa kike miaka miwili na nusu. Tulikuwemo humo tangu milango ilipofunguliwa asubuhi. Usiku ulipoingia, fataki zikaanza. Mbingu ikawaka, watu wakashangilia, na binti yangu akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake tangu azaliwe. Akajikunyata kifuani mwangu, akaziba masikio, akawa anarudia neno moja tu: “Nyumbani. Nyumbani. Nyumbani.”

Na mimi, nalisema hili kwa uchungu, nikamwambia, “Hebu tazama! Tumetumia pesa nyingi kuja kuona haya.”

Mama yangu alikuwa kando yangu. Hakunigombeza. Alinitazama, kisha akaniuliza polepole, “Mwanangu, kwani huyu mtoto amekukopa nini?”

Wasikilizaji, swali lile nimerudi nalo mpaka Ohio ninakoishi, na leo nimekuja nalo hapa. Maana mtoto niliyekuwa nikimdai ndiye pekee kati yetu aliyeingia bure. Kule mtoto aliye chini ya miaka mitatu hakatiwi tiketi. Sisi wengine tulilipiwa, yeye hakulipiwa hata senti. Lakini deni nilimwandikia yeye.

Nadhani najua lilikotoka deni hilo. Tulio ughaibuni tunaishi kwa zamu. Baba yuko ghalani usiku, mama anahudumia wazee wa watu majumbani mchana, watoto tunapokezana mlangoni kama vijiti vya mbio. Tiketi ya mtu mzima kule kwa siku moja inazidi dola 100, na bado hujahesabu ndege, hoteli wala chakula. Kwa hiyo familia inajinyima mwaka mzima. Siku ikifika, kila saa inakuwa na bei kichwani mwako, na kila mtoto anapolia unasikia pesa zikimwagika. Hapo ndipo tunapoanza kumkamua mtoto furaha, kama anayekamua ng’ombe asiye na maziwa. Cheka! Tazama! Simama upigwe picha! Mtoto wa miaka miwili hajui dola. Anajua jua, njaa, usingizi, kelele, na mikono ya mama.

Bustani hizi zenyewe, kwa asili yake, zilianza na mzazi aliyetulia. Walt Disney mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia Griffith Park, jijini Los Angeles, alipokuwa akiwapeleka binti zake wawili kupanda farasi wa mbao wanaozunguka. Watoto wanazunguka, yeye baba amekaa kwenye benchi anatafuna karanga, anawatazama. Akajiuliza kwa nini kusiwe na mahali ambapo wazazi na watoto wanafurahi pamoja. Disneyland ya California ikafunguliwa mwaka 1955. Hii ya Florida ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, yeye akiwa ameshafariki tangu 1966, na ni ndugu yake Roy aliyeikamilisha. Leo Walt Disney World ina bustani nne, na ardhi yake yote inafika takriban kilomita za mraba 100. Hapo pana jambo la kuliweka moyoni kabla ya kupanga chochote: eneo lenye ukubwa huo halimalizwi na mtu mzima mwenye miguu mizima, seuze mtoto anayesimama kila hatua tatu kuokota jani.

Basi tunapangaje? Nitawaeleza tulivyokosea siku ya kwanza na tulivyojirekebisha siku zilizofuata.

La kwanza ni kipindi. Sisi tulikwenda Julai kwa sababu ndiyo likizo ya shule. Julai kule joto linapanda hadi nyuzi 33, hewa nzito ya unyevu kama Tanga mwezi wa Februari, na alasiri radi inapiga na mvua inamwagika. Radi ikikaribia, michezo ya nje inasimamishwa. Sasa, mwenye watoto ambao hawajaanza shule ana uhuru ambao wengine hawana. Anaweza kwenda Septemba shule zikiwa zimefunguliwa, au katikati ya Januari baada ya watu wa sikukuu kuondoka. Watu ni wachache, na tiketi mara nyingi ni nafuu, maana bei inabadilika kwa tarehe. Ila Septemba imo ndani ya msimu wa vimbunga, unaoanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, kwa hiyo nunua vitu unavyoweza kuvighairi. Na kama mwanao anakaribia kutimiza miaka mitatu, tazama kalenda vizuri. Wiki moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa anaingia bure. Wiki moja baadaye unamkatia tiketi ya mtoto, atakayoendelea kukatiwa mpaka miaka tisa. Akifika kumi analipa kama mtu mzima.

La pili ni kimo. Hapa nakusihi, mama na baba, mpime mtoto nyumbani, ukutani, kwa penseli na futi kamba. Michezo mingi kule haina masharti ya urefu: tembo Dumbo anayeruka, mashua za “it’s a small world”, farasi wa kuzunguka. Lakini iendayo kasi ina kipimo chake. Treni ndogo ya Barnstormer inataka sentimita 89. Treni ya mgodi wa wale vijeba saba inataka 97. Space Mountain, ile ya gizani, inataka 112. Mwanangu wa kiume tulikuwa tumemwahidi Space Mountain miezi mitatu mizima, alikuwa akiichora kwenye daftari. Hatukumpima. Tulipofika mlangoni, kijana mmoja mpole wa pale akasimamisha kijiti cha kupimia. Mwanangu akajinyoosha hata mishipa ya shingo ikaonekana, akazuia pumzi. Alikuwa na 108. Kijiti kikabaki juu ya nywele zake, vidole viwili vinapita. Hakulia. Alitazama chini, akanishika mkono, tukaondoka. Kipimo kile hakikuwa na kosa, kwa sababu vyuma vya kumshika abiria vimetengenezwa kwa mwili wa urefu huo, na sheria hiyo inamlinda. Kosa lilikuwa letu, tulioahidi kitu tusichokijua. Mtoto mdogo anaweza kusahau mchezo ambao hakuupanda, lakini ahadi iliyovunjika anaikumbuka.

La tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ni mchana. Siku ile ya kwanza tulitaka kukaa toka ufunguzi mpaka fataki. Hata kufika mlangoni ni safari. Unaacha gari maegeshoni, kisha unavuka ziwa kwa kivuko au unalizunguka kwa treni ya juu, yaani hesabu karibu saa nzima ukiwa na watoto. Mwanangu mkubwa alikipenda kivuko kuliko vitu vingi vya ndani, akawa anamwambia bibi yake kwamba tunakwenda Kigamboni. Nasi tukamvuta: twende, twende, tumechelewa. Tumechelewa wapi? Kufikia saa nane mchana, yule mdogo alikuwa amekwisha. Alikataa kigari, alikataa kubebwa, alikataa maji, alikataa hata dunia.

Usiku ule hotelini, baada ya swali lile la mbele ya kasri, mama yangu akatoa amri moja. Akasema, “Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kesho mchana watu wanalala.” Basi.

Siku ya pili tukaingia milango inapofunguliwa tu, wakati jua halijawa kali na foleni ni fupi. Saa zile mbili za mwanzo zina thamani kuliko saa tano za alasiri. Tulichagua vitu vinne tu. Tulianza na farasi wa kuzunguka, chombo kilichochongwa mwaka 1917 na kampuni ya Philadelphia, kimezeeka kuliko bustani yenyewe zaidi ya miaka 50. Binti yangu akakipanda mara tatu mfululizo, juu ya farasi yuleyule mweupe, akimpigapiga shingoni kama anayemtuliza. Siku ya kwanza ningemwambia inatosha, twende kwingine. Siku ya pili nilikaa kwenye benchi.

Karibu na saa tano akaanza kufikicha macho. Kigari alikikataa tena. Mama akafungua mkoba, akatoa kanga. Akasogea kwenye kivuli cha ukuta, akainama, nikampandisha mtoto mgongoni, yeye akazungusha kanga, akaikaza kifuani, akaanza kutikisika taratibu kulia na kushoto kama tunavyotikiswa sote tuliozaliwa pwani. Watu wanapita na vigari vya magurudumu manne, vya viwili viwili, vyenye feni na vishikio vya chupa, na yeye amesimama na kanga yake. Sikuwa nimemaliza kukunja kigari, mtoto amelala, shavu limebonyea mgongoni kwa bibi. Sisemi msichukue kigari. Chukueni, miguu ya miaka mitano nayo inachoka, na kule kinaruhusiwa chenye upana usiozidi sentimita 79 na urefu usiozidi 132. Lakini tia na kanga mkobani. Ni shuka, ni kivuli, ni pazia la kunyonyeshea, na ni kitanda.

Saa sita tukatoka, tukarudi hotelini, tukalala wote. Tiketi inakuruhusu kurudi siku hiyohiyo, kwa hiyo saa kumi na moja jioni tulirudi na watoto wapya kabisa. Familia nyingi hudhani kulala mchana ni kupoteza siku. Kumbe ndiko kunakokupa siku ya pili ndani ya ileile moja.

Nipite haraka kwenye mambo madogo yanayookoa. Kila bustani kati ya zile nne ina kituo cha kuhudumia watoto wachanga: mahali pa kubadilishia pampasi, chumba cha utulivu cha kunyonyesha, viti virefu vya kulishia, na maikrowevu ya kupashia chakula. Kitafute kwenye ramani kabla hujakihitaji. Humohumo ndimo anamopelekwa mtoto aliyepotea, kwa hiyo mfundishe mwanao akikukosa amwendee mtu mwenye kibandiko cha jina kifuani, na umwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika upesi. Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, ilimradi hakimo kwenye vyombo vya glasi, isipokuwa vichupa vidogo vya chakula cha mtoto. Mama alibeba maandazi na ndizi, tukala kivulini bila foleni. Maji baridi ya kikombe wanakupa bure kwenye migahawa ya haraka. Na kama nyinyi wawili mnatamani mchezo wa kasi, semeni mlangoni kwamba mna mtoto mdogo. Mmoja atapanda, mwenziwe atabaki na mtoto, kisha mtapokezana bila wa pili kupanga foleni ndefu upya. Wazazi pia wana moyo, na utaratibu huu uliwekwa kwa ajili yao.

Na ile midoli mikubwa inayotembea, yule panya mwenye masikio ya duara na wenzake? Mtoto aliyeipenda kwenye televisheni ikiwa na ukubwa wa kiganja anaweza kuhofu akiiona imemzidi baba yake. Usimsukume. Simama mbali, mwache achungulie nyuma ya goti lako. Akipunga mkono akiwa mbali, amekutana nayo tayari.

Siku ya tatu tulikwenda Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, na huko kulitokea jambo ambalo sikuliweka kwenye ratiba. Ndani yake kuna mji wa kubuni uitwao Harambe, uliojengwa kwa mfano wa miji yetu ya pwani, na Lamu imo katika mfano huo: kuta zilizochakaa kwa makusudi, chokaa iliyobanduka, milango mizito. Mama yangu akasimama katikati ya njia. Akaanza kusoma kwa sauti maandishi ya madukani, kidole hewani, kama alivyokuwa akitufundisha sisi kusoma: “Ta-mu ta-mu. Ku-sa-fi-ri. Da-wa.” Mwanangu wa kiume akageuka. Huyu ni mtoto ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya ndani ya nyumba, ya sebuleni na ya simu na bibi. Shuleni hakimo, barabarani hakimo. Akauliza, “Bibi, kwani na hawa wanajua Kiswahili chetu?” Mama akamwambia, “Ndiyo, wameandika ukutani.” Toka hapo akawa anatafuta maneno kila ukuta, akimvuta bibi mkono.

Nikawaza mengi. Mji ule ni wa kuigiza, najua. Mwenye kutoka Lamu atauona upungufu wake kwa mtazamo mmoja. Lakini nilimwona mwanangu akitembea kifua mbele kwa sababu neno la nyumbani kwake limeandikwa mahali ambapo watu wamesafiri kutoka kila upande kuja kupatazama. Tukapanda lori la Kilimanjaro Safaris, kama dakika 20 hivi, halina sharti la kimo, hata mtoto wa mikononi anapanda. Twiga wakapita karibu kweli, wazima, wenye pumzi. Binti yangu akasema “twiga” kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, na lori zima likageuka kumtazama. Familia yoyote ya Waswahili yenye siku moja tu ya kutumia kule, mimi ningeiambia ianzie hapo, asubuhi mapema, wanyama wakiwa bado wanatembea kabla ya joto.

Wako watakaosema: mtoto wa miaka miwili hatakumbuka, kwa nini umsumbue? Ni kweli, watu wazima wengi hawakumbuki mambo ya kabla ya miaka mitatu hivi. Kama nia yako ni mtoto akumbuke, subiri afike miaka mitano au sita, na hilo ni shauri jema kabisa kwa mwenye pesa chache. Lakini kumbukumbu za utotoni hutunziwa mtu na wakubwa wake. Mimi sikumbuki Idi yangu ya kwanza, wala gauni nililovaa, wala pembea niliyopandishwa. Mama ndiye anayekumbuka, ananisimulia kila mwaka, na masimulizi yale yamekuwa yangu. Hivyo jukumu la kuikumbuka safari ya mtoto mchanga ni lako wewe. Na utakumbuka nini, kama muda wote ulikuwa unatazama saa na ramani?

Nilimuuliza binti yangu tuliporudi Ohio alipenda nini. Sio kasri. Sio fataki. Alisema, “Ndege wa mdomo mrefu.” Florida wako ndege weupe wenye midomo iliyopinda kama mundu, wanatembea katikati ya watu bila hofu. Mmoja alikuja mezani petu akaokota chipsi iliyomwanguka mtoto, na mtoto akachuchumaa kumtazama, ndege naye akamtazama. Nami nikachuchumaa pembeni yake. Ndipo nikaona kwa mara ya kwanza anachokiona yeye kwenye umati: mashavu ya miguu ya watu, mikoba inayoning’inia, viatu, jua linalopenya katikati ya magoti. Kasri lote liko juu huko, halionekani. Siku tatu nilikuwa nikimwambia tazama, na sikuwa nimeinama kujua anatazama wapi.

Siku ya mwisho, saa sita kasorobo, tulikuwa tumekaa kwenye ukingo wa bustani ya maua. Ratiba ilikuwa bado ina mambo mawili, na tiketi ina saa nyingi mbele. Binti yangu akaweka kichwa kwenye paja langu, akasema lile neno lake: “Nyumbani.” Nikamtazama mume wangu. Hakusema kitu. Akainuka, akageuza kigari kuelekea mlangoni.